Namna ya Kupatanisha Kiima na Kitenzi katika Kiingereza

Mtu aliyekulia katika Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba kitenzi hukifuata kiima chake. Amekuwa akifanya hivyo tangu utotoni, tena kwa sheria kali kuliko zile za Kiingereza: husema "kikapu kimeanguka", "mti umeanguka" na "jiwe limeanguka" bila kufikiri, na hakosei. Kinachomkwaza anapoandika Kiingereza ni kwamba alama za upatanisho katika lugha hiyo ni chache, zimekaa mahali asipozoea kuzitafuta, na mgawanyo wa umoja na wingi haulingani kila mara na ule aliouzoea. Njia ninayoieleza hapa imesimama juu ya hatua mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Kwanza, kitumie Kiswahili kulitambua neno linalokitawala kitenzi. Pili, ukishalipata neno hilo, usikiachie Kiswahili kiamue kama ni umoja au wingi, kwa maana uamuzi huo ni wa Kiingereza peke yake.

Alama yenyewe iko wapi

Katika Kiswahili, kiambishi cha kiima hukaa mwanzoni mwa kitenzi na hubadilika kwa kila nafsi na kila ngeli. Katika Kiingereza cha leo, kitenzi cha kawaida hubadilika mahali pamoja tu, yaani katika wakati uliopo, nafsi ya tatu umoja, ambapo "-s" huongezwa mwishoni. Tunaandika "I work", "you work", "we work" na "they work", lakini "she works". Kiingereza cha zamani kilikuwa na viambishi zaidi. Hata katika karne ya 16 watu waliandika "thou workest" na "she worketh". Kiambishi "-s", kilichotoka katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ndicho kilichoshinda vingine, na kwa kuwa kimebaki peke yake, kukikosa kunaonekana mara moja.

Wanafunzi wengi huchanganyikiwa kwa sababu "-s" hiyo hiyo hufanya kazi mbili zinazopingana. Kwenye nomino, kwa kawaida huonyesha wingi. Kwenye kitenzi, huonyesha umoja. Ndiyo maana tunapata "The student works" kwa mwanafunzi mmoja na "The students work" kwa wengi, kana kwamba herufi hiyo imehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Walimu wengine hufundisha kwamba "-s" ikiwa kwenye kiima isiwe kwenye kitenzi. Kanuni hiyo husaidia siku za mwanzo, lakini si ya kutegemewa, kwa kuwa "The children work" haina "-s" popote, na "The bus stops" inayo pande zote mbili.

Tahajia haina ugumu mkubwa. Vitenzi vinavyoishia kwa "s", "sh", "ch", "x" au "z" huchukua "-es", kama "passes" na "watches"; vivyo hivyo "goes" na "does". Kitenzi kinachoishia kwa konsonanti na "y" hugeuza herufi hiyo, hivyo "study" huwa "studies", ilhali "play" hubaki na kuwa "plays". Kitenzi "have" huwa "has".

Kitenzi "be" kinastahili kuangaliwa peke yake, kwa sababu Kiswahili hakituandai kukikabili. Sisi tunasema "mimi ni", "wewe ni", "wao ni", na "ni" haibadiliki. Kiingereza kinadai "I am", "you are", "he is", "they are", na ndiyo asili ya kosa la "My parents is teachers", ambalo huwapata hata watu wenye msamiati mpana. Isitoshe, "be" ndicho kitenzi pekee kinachopatanishwa na kiima hata katika wakati uliopita: "was" kwa umoja, na "were" kwa wingi. Neno "you" huchukua "are" na "were" hata anapozungumziwa mtu mmoja. Vitenzi vingine vyote vikiingia wakati uliopita havina upatanisho, kwa hiyo "she worked" na "they worked" ni sawasawa. Vitenzi visaidizi kama "can", "will", "must", "may" na "should" havichukui "-s" kamwe, na kitenzi kinachovifuata hubaki katika umbo lake la asili: "She can work".

Katika ukanushi na maswali, alama huhamia kwenye "do". Tukishaandika "does", kazi ya upatanisho imekwisha, na kitenzi kikuu hakiguswi tena: "She does not know", "Does she know?" Umbo "She does not knows" lina alama mbili mahali panapohitaji moja. Kosa jingine la jamii hiyo ni "My brother he works", linalozaliwa na mazoea yetu ya kuacha kiambishi "a-" kwenye kitenzi hata nomino ikiwa imeshatajwa. Kiwakilishi cha Kiingereza si kiambishi. Kikija, huchukua nafasi ya nomino, hakiandamani nayo. Kwa upande mwingine, "Anafanya kazi" ni sentensi kamili kwetu, lakini "Works" pekee si sentensi ya Kiingereza mpaka itanguliwe na kiima.

Kulitafuta neno linalotawala

Makosa ya wanaojua kanuni zote nilizozitaja hutokea pale kiima kinaporefuka. Mtu huandika "The list of names are missing" kwa sababu "names" limekaa jirani na kitenzi na linasikika kama wingi. Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa msaada mkubwa kuliko kitabu chochote cha sarufi. Itafsiri sentensi kimoyomoyo hadi ufike kwenye kitenzi, kisha usikilize kiambishi ambacho ulimi wako unakichagua: "Orodha ya majina imepotea." Hakuna anayesema "orodha ya majina yamepotea". Kiambishi "i-" kimetoka kwenye "orodha", kwa hiyo neno linalotawala katika Kiingereza ni "list", nalo ni umoja: "The list of names is missing."

Jaribio hili halitetereki hata kiima kikibeba kishazi kizima ndani yake. Chukua "The letter that the students wrote to their teachers". Ukisema "Barua ambayo wanafunzi waliwaandikia walimu wao", kinywa kitadai "imefika", si "wamefika". Barua ndiyo kiini, na sentensi itakuwa "The letter that the students wrote to their teachers has arrived."

Jaribio hilo hilo linafumbua mafumbo ambayo wengi hukariri bila kuyaelewa. Tofauti kati ya "the number of" na "a number of" ni mojawapo. "The number of students has increased" ni "Idadi ya wanafunzi imeongezeka", na anayeongoza ni idadi. "A number of students have complained" ni "Wanafunzi kadhaa wamelalamika", na wanaoongoza ni wanafunzi. Vivyo hivyo, "One of the students has passed" ni "Mmoja wa wanafunzi amefaulu", na kiambishi "a-" kimeshatoa jibu.

Kuna sentensi moja inayowatatiza hata waandishi waliozaliwa ndani ya Kiingereza: "She is one of the women who have written on this matter." Wengi huandika "who has", wakivutwa na neno "one". Sisi tunayo njia ya kuona ukweli, kwa sababu "who" haina umbo la wingi ilhali "ambaye" na "ambao" hutofautiana. Tunasema "Yeye ni mmoja wa wanawake ambao wameandika", kwa hiyo "have". Lakini tukisema "Yeye ndiye pekee kati yao ambaye ameandika", tunapata "She is the only one of them who has written". Kila unapokutana na "who", "which" au "that" na ukasita, weka "ambaye", "ambao" au umbo jingine linalofaa la "amba-", kisha usikilize kirejeshi hicho kinairudia nomino ipi.

Maneno yenye maana ya "kila" nayo hayana shida kwetu. "Kila mtu anajua" iko katika umoja, na "Everyone knows" pia. "Every man and every woman knows" hubaki umoja ijapokuwa watu wametajwa mara mbili. "Each", "nobody", "somebody" na wenzake hufuata njia hiyo, hata "each" ikifuatiwa na wingi: "Each of the books has a cover." Maneno "either" na "neither" yakisimama peke yake huchukua umoja katika maandishi rasmi. "None" huruhusu yote mawili, na mabishano juu yake hayana tija.

Zipo sehemu mbili ambapo jaribio la Kiswahili litakudanganya. Ya kwanza ni "pamoja na". Sisi husema kwa kawaida "Mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika", tukiwahesabu wote. Kiingereza rasmi hakiwahesabu. Maneno yanayoanza na "together with", "along with", "as well as" na "in addition to" huchukuliwa kama nyongeza iliyo nje ya kiima, na kitenzi humfuata wa kwanza: "The teacher, together with her students, has arrived." Ni "and" pekee inayojumlisha, kama tunavyosema "Kitabu na kalamu vimepotea": "The book and the pen are lost." Hata "and" haijumlishi pale vitu viwili vinapokuwa kimoja, kama katika "My friend and colleague is here", ambapo rafiki na mwenzako kazini ni mtu yule yule.

Ya pili ni "either … or" na "neither … nor". Katika sentensi hizi kitenzi hulifuata neno lililo karibu nacho: "Neither the students nor the teacher is here", lakini "Neither the teacher nor the students are here". Ushauri wangu ni kuliweka la wingi mwishoni kila inapowezekana, kwa sababu sentensi hiyo husomeka vizuri zaidi na haimlazimu msomaji kusimama.

Kuamua umoja au wingi kwa hesabu ya Kiingereza

Sehemu hii ndiyo inayohitaji muda mwingi kuliko zote, kwa sababu hapa sikio zuri la Kiswahili hugeuka kuwa chanzo cha makosa. Umeshalipata neno linalotawala; sasa litoe kwenye Kiswahili na uliulize Kiingereza.

Anza na nomino za ngeli ya YA-YA, ambazo hazina umoja kwetu. Tunasema "maji yamemwagika", "mazingira yameharibiwa", "maarifa yanahitajika", "matumizi ya simu yameongezeka", "mawasiliano yamekatika", "malezi yamebadilika". Kiambishi "ya-" kimezoeleka kuonyesha wingi, kwa hiyo akili huvutwa kuandika "are" na "have". Katika Kiingereza, "water", "environment", "knowledge", "use", "communication" na "upbringing" ni umoja katika sentensi kama hizi: "The water has spilled", "The environment has been damaged", "The use of phones has increased". Ninaamini kwamba anayeshika jambo hili moja ataondoa makosa mengi katika insha zake kuliko anayekariri kurasa nyingi za kanuni.

Kundi la pili ni nomino ambazo Kiswahili huzihesabu na Kiingereza hakizihesabu. Taarifa zinaweza kuwa tatu, habari zinaweza kuwa nyingi, mizigo, samani na vifaa huhesabika kimoja kimoja. Kwa Kiingereza, "information", "news", "luggage", "furniture" na "equipment" hazina wingi kabisa. "Taarifa hizi ni za kweli" huwa "This information is true", na "Habari zimefika" huwa "The news has arrived", ingawa neno hilo linaishia kwa "s". Hakuna "informations" wala "furnitures". Fedha nazo "zimekwisha", lakini "The money is finished". Nywele "zimekatwa", lakini "Her hair has been cut". Ukitaka kuhesabu, ongeza neno linalohesabika, kama katika "Two pieces of information are missing", ambapo "pieces" ndilo linalotawala.

Kundi la tatu hugeuza mambo. Suruali moja "imechanika", mkasi mmoja "umepotea", miwani moja "imevunjika", lakini Kiingereza huviona vitu hivi kuwa na sehemu mbili na kuvipa wingi daima: "These trousers are torn", "The scissors are lost", "My glasses are broken". Ukitanguliza "a pair of", kinachotawala ni "pair", na umoja hurudi. Neno "clothes" nalo ni wingi daima. Nguo moja haiwezi kuitwa hivyo.

Yako pia maneno ya wingi yasiyokuwa na "-s": "people", "children", "men", "women", "police", "cattle". Kwa hiyo "People say", si "People says". Polisi mmoja ni "a police officer", na "The police have arrived" hubaki katika wingi. Maneno "criteria" na "phenomena" ni wingi wa "criterion" na "phenomenon". "Data" hutumiwa na wanasayansi wengi kama wingi, ilhali waandishi wengine wengi huitumia kama umoja. Chagua njia moja na uishike hadi mwisho wa andiko lako. Kinyume chake, majina ya taaluma kama "mathematics", "physics" na "economics" huonekana kama wingi ilhali ni umoja, na ugonjwa wa surua, "measles", kwa kawaida huchukua umoja.

Nomino za makundi kama "team", "committee", "family" na "government" hutofautiana kwa nchi. Marekani kwa kawaida hutumia umoja: "The team is winning." Uingereza huruhusu umoja na pia wingi, hasa wanapofikiriwa wanakundi mmoja mmoja: "The team are arguing among themselves." Jina la Marekani lenyewe lina historia ya kuvutia. Leo huandikwa "The United States is", lakini Katiba ya nchi hiyo iliyoandikwa mwaka 1787, katika ibara inayoeleza uhaini, inazungumzia kupigana vita dhidi ya Marekani kwa kiwakilishi "them", yaani nchi hiyo ilitajwa kama mkusanyiko wa majimbo, si kama kitu kimoja.

Vipimo vya umbali, muda na fedha huchukuliwa kuwa kiasi kimoja: "Ten kilometres is a long distance", "Five years is enough". Sehemu na asilimia hufuata kile kinachogawanywa, hivyo "Two thirds of the work is done" lakini "Two thirds of the workers are here". Kitenzi-jina kikiwa kiima huchukua umoja hata kikifuatiwa na wingi: "Reading books is useful."

Jambo linalobaki ni "kuna". Tunasema "kuna kitabu" na "kuna vitabu" bila kubadilisha chochote, na mazoea hayo huleta "There is many books". Katika Kiingereza kiima halisi huja baada ya kitenzi, na kitenzi hukisubiri: "There is a book", "There are many books". Kabla ya kuandika neno la pili la sentensi ya namna hii, uwe umeshajua nomino utakayoileta.

Kupitia andiko lako

Unapomaliza kuandika, usisome kwa kufuata maana, kwa sababu maana huficha makosa. Pita ukitafuta vitenzi tu. Katika kila kimoja, rudi nyuma hadi kwa neno linalokitawala, lisome neno hilo na kitenzi pamoja bila kilichopo katikati, na uamue. Tujaribu na sentensi hii yenye makosa: "The use of phones in meetings have increased, and there is many people who thinks that the equipment are to blame, the chairman, together with his deputies, have asked that everyone leave their phones outside."

Kitenzi cha kwanza ni "have increased", na kinachotawala ni "use", si "phones" wala "meetings". Kiswahili kinasema "matumizi yameongezeka", lakini "use" ni umoja, kwa hiyo "has increased". Kinafuata "there is", na nomino iliyo mbele ni "people", kwa hiyo "there are". Kwenye "who thinks", kirejeshi kinawarudia watu, "ambao wanafikiri", kwa hiyo "think". "Equipment" haina wingi hata kama tunafikiria vifaa vingi, kwa hiyo "is to blame". Mwenyekiti ametajwa kabla ya "together with", na manaibu wake hawahesabiwi, kwa hiyo "has asked".

Kinabaki "everyone leave", na hapa msahihishaji mwenye bidii ataongeza "-s" na kuharibu kilichokuwa sahihi. Baada ya vitenzi vya kuomba, kupendekeza na kudai, kama "ask", "suggest", "recommend" na "insist", Kiingereza rasmi hutumia umbo la asili la kitenzi kwa nafsi zote. Ni hali ile ile inayotufanya tuseme "ameomba kila mtu aache simu nje", kwa irabu "-e" mwishoni, badala ya "anaacha". Palipo na "aache", "aende" au "apumzike" katika Kiswahili baada ya vitenzi hivyo, kitenzi cha Kiingereza hakichukui "-s".